Kikao Kilichokwama Ajenda ya Tatu

Kumbukumbu za kikao chetu cha Jumamosi ni kurasa mbili, nami ndiye katibu niliyeziandika. Ukifika Ajenda ya Tatu utasoma sentensi moja: "Wanachama walijadili kwa kina mpangilio wa ziara za shule." Ndivyo kumbukumbu zinavyoandikwa. Hazisemi kwamba mjadala ulianza birika la chai likiwa bado linafuka moshi na ukaisha Maalim akitafuta viatu vyake awahi magharibi. Hazisemi nani alimkata nani kauli, wala kwamba mweka hazina alitoka nje mara mbili kupunga upepo. Yale yasiyofaa kuwekwa kwenye faili nimeyaleta huku.

Kwa asiyetujua, sisi ni klabu ya wanaojitolea katika kituo kidogo cha elimu ya anga hapa Pwani, upande wa Malindi. Neno kituo lisikudanganye. Ni chumba cha darasa tulichoazimwa, picha za sayari ukutani, projekta inayowaka ikipenda, na darubini moja ya kioo cha inchi 8 ambayo tunailea kuliko tunavyojilea wenyewe. Bi Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa sayansi. Yupo Maalim wa madrasa, yupo fundi wa redio, yupo kijana anayesomea uhandisi chuo kikuu na huja likizo. Yupo mama mmoja anayevua pweza mwambani, aliyeanza kwa kumleta mwanawe na sasa mtoto haji, anakuja yeye. Na yupo Mzee Nahodha, ambaye hajawahi kujaza fomu ya uanachama na hakuna mwenye ujasiri wa kumdai.

Ajenda ya kwanza ilikuwa ukungu. Hewa ya Pwani ina chumvi na majimaji, na kioo cha darubini si kama kioo cha kabatini. Kile cha nyumbani kimepakwa rangi ya kung'aa mgongoni, ukikisugua unasugua gilasi. Cha darubini kimepakwa alumini usoni, tabaka jembamba mno, ukikifuta kwa kitambaa umekikwaruza. Sasa kimeanza kuota madoadoa ya ukungu pembeni. Fundi wa redio akapendekeza tukusanye vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, tuvitie kwenye sanduku la darubini vinyonye unyevu. Ikapita bila kupingwa. Mwenye viatu vipya alete.

Ajenda ya pili ni ya kila mwaka: mwezi kuandama. Shaabani ikikaribia kwisha simu zetu huanza kulia. "Nyinyi wenye darubini, kesho ni mfungo au si mfungo?" Kijana wa chuo alisema si vigumu, hesabu za mwezi zinajulikana mpaka dakika, tutoe tu taarifa. Maalim akamtazama kwa huruma. Akamweleza kwamba kujua dakika mwezi unapozaliwa ni jambo moja, na kuuona kwa jicho ni jambo jingine. Mwezi uliozaliwa saa chache kabla ya magharibi ni uzi mwembamba ulio karibu mno na jua, unazama naye, na hata darubini hairuhusiwi kuelekezwa huko jua likiwa halijatua maana inaweza kupofua mtu kwa nukta moja. Na zaidi ya hayo, mwenye kutangaza ni Kadhi Mkuu. Kwa hiyo tuliazimia kama tulivyoazimia mwaka jana: anayetaka kuelewa umri wa mwezi tutamweleza, anayetaka kutangaziwa atege sikio redioni.

Maalim ndiye mwanachama ninayemwonea wivu kwa namna alivyopanga mambo yake. Mwezi ulipopatwa wote, Septemba 7, 2025, tuliitoa darubini uwanjani na watu wakajaa. Giza kamili lilianza kama saa mbili na nusu usiku na likaendelea kwa dakika 82. Yeye akaenda msikitini, akaswalisha swala ya kupatwa, akarudi akitembea taratibu, na mwezi bado ulikuwa mwekundu ukimsubiri.

Ndipo tukafika Ajenda ya Tatu.

Swali lilikuwa dogo. Muhula ujao shule za msingi zitaanza kuleta watoto wa gredi ya sita, darasa moja kwa ziara moja. Tuna kama nusu saa ya kuzungumza nao kabla giza halijaingia na darubini haijachukua nafasi yake. Katika nusu saa hiyo, tuanze na nini?

Kijana alikuwa amejiandaa. Akawasha projekta (ikapenda) na kutuonyesha picha zake: Neil Armstrong na Buzz Aldrin juu ya mwezi Julai 1969, magari ya roboti kule Mirihi, kisha Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 15, 2023. Picha nzuri, maelezo mafupi, hata muziki alitia. Nilizipenda. Lakini nimewaona watoto wakitazama picha za namna hiyo. Wanatulia, macho yanawatoka, wanapiga makofi, na baada ya hapo hakuna anayeuliza kitu. Ni kama watu wanaochungulia harusi ya jirani juu ya ukuta: wameiona, imependeza, lakini hakuna aliyewaandikia kadi.

Fundi wa redio akasema ikiwa ni roketi basi kwa nini tuende Marekani wakati roketi ziliondokea hapa. Na hapa pana kisa ambacho sichoki kukisikia, ingawa yeye hukisimulia kirefu mno.

Ukitoka Malindi mjini kuelekea kaskazini kiasi cha kilomita 30 unafika Ngomeni. Ukisimama ufukweni unayaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu yao. Si ya mafuta. Waitaliano, chini ya mhandisi Luigi Broglio, waliyaleta miaka ya sitini kwa ajili ya kurushia roketi, na Aprili 26, 1967 setilaiti yao ya San Marco 2 ikaondoka pale. Walikuwa na sababu mbili za kuchagua Ngomeni. Dunia inajizungusha, na aliye karibu na mstari wa ikweta anazungushwa kwa kasi kuliko aliye mbali nao, karibu kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapa inapewa kasi hiyo bure. Sababu ya pili ni kwamba mashariki ya Ngomeni hakuna mji wala shamba, ni bahari tupu, vipande vya roketi vikianguka vinaangukia maji.

Mwisho wa kurusha ulikuwa 1988. Katika miaka ile yote ziliondoka setilaiti 9, na moja wapo ndiyo inayomtoa machozi fundi wetu. Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliinuka kutoka jukwaani na setilaiti ambayo hata kilo 150 haikufika. Waliibatiza Uhuru kwa heshima ya siku yenyewe na ya nchi iliyowapokea. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, kazi ambayo haiwezekani ukiwa ardhini kwa sababu hewa yetu inaizuia mionzi hiyo yote, na ni heri inaizuia. Uhuru ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa kama dakika 12, ikipekua anga kipande kwa kipande mpaka Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vilisaidia kukifanya kitu kiitwacho Cygnus X-1 kuwa cha kwanza ambacho wanasayansi wengi walikikubali kuwa shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkali kiasi kwamba hata nuru haichomoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya kazi ile, alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

"Na mtoto wa Ngomeni hajui!" fundi akapiga meza, vikombe vikaruka.

Ni kweli hajui. Anayajua majukwaa kwa sababu ya samaki wanaokaa chini yake. Bi Mwenyekiti, ambaye hupenda kuweka mambo sawa, akaongeza jambo ambalo lilininyamazisha. Mwaka 1970 setilaiti yenye jina letu iliondoka kwetu lakini haikutengenezwa na sisi. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na setilaiti yake ndogo, 1KUNS-PF, ikaachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Mwaka 2023 Taifa-1 ikasanifiwa na Wakenya, lakini ikapanda roketi ya Falcon 9 kule Vandenberg, California. Setilaiti tunazo na mahali pa kurushia tunapo, ila havijawahi kukutana siku moja. Mimi ningependa mtoto atoke kwetu na hasira kidogo kuhusu jambo hilo. Bi Mwenyekiti akasema hasira haimo kwenye mtaala.

Nilidhani hapo tumemaliza: tuanze na Ngomeni. Lakini Mzee Nahodha, aliyekuwa amefumba macho muda wote huo, akafumbua na kuuliza swali ambalo halikuhusiana na lolote lililosemwa.

"Nyinyi wasomi. Mwezi si mmoja?"

"Mmoja, Mzee."

"Na mwasema ndio unaovuta maji yakajaa."

"Ndio, Mzee."

"Basi mbona maji hujaa mara mbili kwa siku?"

Kimya. Sote tulijua jibu lipo. Kila mmoja alikuwa amelisoma mahali. Mweka hazina akatoka nje mara ya kwanza.

Kijana ndiye aliyetuokoa, na nampa haki yake maana nimemsema sana. Aliacha projekta ikiwaka, akatutoa uwanjani. Mwembe ukawa mwezi. Akawapanga watu watatu katika mstari mmoja kuelekea mwembe, mkono kwa mkono: mbele akamweka mama wa pweza, katikati fundi wa redio, nyuma Maalim. Akasema, mama ni bahari iliyo upande wa mwezi, fundi ni dunia yenyewe, Maalim ni bahari ya upande wa pili. Mwezi unawavuta wote watatu, ila aliye karibu anavutwa kwa nguvu zaidi na aliye mbali kwa nguvu kidogo. Haya, mama apige hatua tatu kuelekea mwembe, fundi mbili, Maalim moja.

Wakapiga. Mikono ikaachana. Mama alikuwa mbele ya fundi, na nafasi imeongezeka kati yao. Maalim alikuwa nyuma ya fundi, na huko pia nafasi imeongezeka kwa kiasi kilekile. Dunia imetanuka pande mbili.

Mzee alizunguka mstari ule mara moja, mikono nyuma, kama anakagua chombo kabla ya kukishusha majini. Kisha akasema, "Kumbe maji ya upande ule hayakusukumwa na mtu. Yameachwa."

Sijasikia maelezo mafupi kuliko hayo. Dunia inazunguka ndani ya mitanuko hiyo miwili, kwa hiyo pwani yetu inapita kwenye maji mengi mara mbili, kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Zile dakika za ziada ni za mwezi, ambao nao haukai mahali pamoja. Jua linavuta pia, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukipevuka, jua, dunia na mwezi viko kwenye mstari mmoja, mivuto inaungana, na siku moja mbili baadaye tunapata bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta ubavuni, mivuto inapunguzana, tunapata maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Kijana akaongeza kwamba baharini mambo si mepesi kama uwanjani, kwa sababu mabara yamekaa njiani na kila ghuba ina umbo lake, ndiyo maana saa za maji za Malindi si saa za maji za kila mahali.

Mama wa pweza akacheka. Akasema saa hizo hahitaji kuambiwa. Siku za bamvua hapa kwetu maji hukauka saa nne, saa tano asubuhi, na kujaa saa kumi. Ilikuwa hivyo kwa bibi yake, ni hivyo kwake. Kijana akamwangalia, akatoa simu, akatafuta jedwali la maji la Mombasa la mwezi mzima, akapekua, kisha akairudisha simu mfukoni bila kusema neno.

Tukarudi ndani na mimi, katibu, nikavunja desturi ya makatibu kwa kutoa hoja: tuanze na bamvua. Mtoto wa huku anajua bahari inajaa na kupwa. Anajua siku ambazo baba hatoki na siku ambazo mama anarudi na pweza. Tukimwonyesha kwamba hiyo ndiyo anga, kwamba imekuwa ikiendesha nyumba yao tangu hajazaliwa, basi tukimwelekeza kwenye darubini atakuwa anatazama kitu anachokidai. Akishaona mashimo ya mwezi, mwambie mwezi uko umbali wa kilomita 384,400 na kwamba unatuacha, sentimita 3.8 kila mwaka, na sehemu ya sababu ni msuguano wa maji haya haya ya bamvua na sakafu ya bahari. Walioenda mwaka 1969 waliacha vioo kule juu, miale ya leza inapigwa kutoka duniani na kurudi, ndivyo inavyopimwa. Hapo sasa Armstrong ameingia, na ameingia kwa kazi maalumu. Ngomeni ifuate. Taifa-1 ifuate.

Hoja ikaungwa mkono. Fundi alinuna kidogo kwa kuwekwa nafasi ya tatu.

Kisha kijana, kwa upole kabisa, akauliza, "Na mtoto wa Ganze?"

Ganze iko bara, nyuma ya Kilifi, mbali na maji. Huko kinachosubiriwa ni mvua, na ikichelewa mambo huharibika. Shule mbili kwenye orodha yetu zinatoka upande ule. Kuna watoto pale ambao hawajawahi kukanyaga mchanga wa pwani, bamvua kwao ni neno la redioni. Kwa hiyo hoja yangu, niliyoiona imekamilika, ilikuwa imeishia barabara ya lami.

Bi Mwenyekiti ndiye aliyejibu, kwa msemo wa wazee: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kile kishada cha nyota ambacho msimu wa kaskazi unakiona juu jioni, kinashuka magharibi siku baada ya siku mpaka mwanzoni mwa Mei kinapotelea kwenye mwanga wa jua, kisha Juni kinaonekana tena alfajiri upande wa mashariki. Masika huwa yameshika katikati ya hapo. Hakuna nyota inayoleta mvua. Ni dunia inayolizunguka jua, na kilimia kinatuambia tumefika wapi kwenye mzunguko. Mkulima anaweza kuitumia kalenda hiyo bila karatasi. Na kwa darubini ndogo, hata kwa jicho, mtoto anaweza kuhesabu nyota za kilimia na kubishana na mwenzake kama ni sita au saba. Zaidi ya zile anazoziona kuna mamia nyingine, zote kwa umbali wa miaka ya nuru kama 440, yaani nuru yao husafiri miaka hiyo yote kutufikia.

Tukaandika mwanzo wa pili kwa shule za bara. Maalim akauliza je, za mjini kabisa, watoto wa ghorofani wasiojua maji wala mvua? Tukamwomba atuhurumie, jua linatua.

Lililobaki ni tarehe, na tarehe ndizo zilizotuchelewesha. Tulitaka watoto waone bamvua na siku hiyo hiyo watazame mwezi. Haiwezekani vizuri. Bamvua ya mwezi mwandamo haina mwezi wa kutazama. Bamvua ya mwezi mpevu inao, lakini mwezi mpevu kwenye darubini ni sahani nyeupe inayoumiza jicho: jua linaupiga usoni, hakuna vivuli, milima na mashimo yote yanakuwa bapa. Unaopendeza ni mwezi nusu, wa siku ya saba hivi, pale jua linapoupiga ubavuni na kila shimo linatupa kivuli kirefu. Na mwezi nusu ni maji mafu, bahari ambayo haina la kuonyesha.

Mama wa pweza ndiye aliyelifumbua. Mwalimu apeleke watoto ufukweni wiki ya bamvua ya mwezi mwandamo, saa nne asubuhi wachomeke mti mahali maji yalipoishia, na saa kumi wachomeke mwingine. Wapime kwa hatua zao. Wiki inayofuata, maji yakiwa mafu, wafanye vilevile, na jioni hiyo hiyo waje kwetu na daftari, mwezi nusu ukiwa juu. Bi Mwenyekiti alifurahi kwa sababu sasa kuna vipimo na jedwali, na hivyo vimo kwenye mtaala.

Mengineyo yalikuwa mawili. Agosti 2, 2027 jua litapatwa lote kuanzia Uhispania, Misri na Saudia mpaka kaskazini ya Somalia, na karibu na Luxor giza litazidi dakika 6. Kwetu litapatwa kwa sehemu, kwa hiyo miwani maalumu iagizwe mapema, na kichujio cha darubini kiwe cha kufunika mdomo wake wa mbele, si vile vidogo vya kuchomeka penye jicho, ambavyo hupasuka kwa joto. La pili ni nauli ya kwenda Ganze kuzungumza na walimu. Mweka hazina akasema kwenye M-Pesa ya klabu kuna pesa ya mtu mmoja kwenda, ya kurudi hakuna. Jambo hilo limeahirishwa hadi kikao kijacho, ambacho kitakuwa saa tisa alasiri badala ya saa nne asubuhi kama ilivyotangazwa kwenye kundi, kwa kuwa Jumamosi hiyo ni bamvua na mwanachama mmoja atakuwa mwambani.